Usitume arbuni kwa gari usiloliona

SWALI: Kaka, nipo Lewiston, jimbo la Maine, Marekani, tangu mwezi wa pili. Nilitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na wanangu wawili, na wa tatu yuko njiani. Kazi nimepata, ila zamu yangu inaanza alfajiri kabla basi la kwanza halijapita. Kwenye Facebook nimeona tangazo la Toyota Corolla ya 2009, maili 158,000, dola 3,800, na baada ya bei wameandika OBO. Mwenye gari anasema wanaolitaka ni wengi, nimtumie dola 300 kwa Zelle anishikie hadi Jumamosi. Nitume? Halafu huku watu wanapatana bei, au ni kukosa adabu? Na kitanda cha mtoto nitakipata wapi kwa bei nafuu?

JIBU: Usitume, dada. Hata kama huyo muuzaji ni mtu mwema kabisa, usitume. Gari hujaliona, hati yake hujaishika, na jina la mwenye gari unalijua kwa vile tu alivyoliandika mwenyewe kwenye ukurasa wake. Zelle inafanya kazi kama M-Pesa uliyoizoea Kigoma: ukishathibitisha, pesa imefika kwa mwenzako, na benki itakujibu kwamba malipo uliyaidhinisha wewe. Mtu mwenye gari kweli, limesimama uani kwake, hahangaiki na dola 300 zako. Anachotaka ni mnunuzi atakayefika saa aliyoahidi akiwa na pesa zote.

Mjibu hivi: unaweza kufika leo jioni au kesho baada ya kazi, utalipa taslimu, na ungependa kuliona gari pamoja na taiti, yaani hati yake ya umiliki. Kama gari lipo, atakupa anwani. Akianza kusimulia kwamba yeye ni mwanajeshi na amehamishwa ghafla, kwamba gari ni la marehemu mama yake na liko kwenye ghala la kampuni ya usafirishaji, kwamba lazima utume kitu kwanza ndipo uonyeshwe, ujue hakuna gari. Na akikuambia atakutumia namba za siri kwenye simu yako, umsomee ili ahakikishe wewe ni mtu wa kweli, usimsomee. Namba hizo anazitumia kufungua laini ya simu ya intaneti iliyofungwa kwenye namba yako, kisha anawatapeli wengine kwa laini hiyo.

Sasa nikueleze kwa nini mambo yako hivi, maana wageni wengi hudhani tangazo la Marekani limekaguliwa na mtu fulani kabla ya kuwekwa. Zamani lilikaguliwa kidogo. Mtu wa mji kama Lewiston aliyetaka kuuza gari, kochi au ng'ombe alikwenda dirishani kwenye ofisi ya gazeti, akaacha jina na namba ya simu, akalipa kwa mstari. Kwa sababu kila mstari ulikuwa na bei yake, watu walifupisha maneno, na vifupisho hivyo ndivyo unavyokutana navyo leo. Matangazo hayo madogo madogo ndiyo yaliyolisha magazeti: mwaka 2000 yaliyaingizia magazeti ya Marekani karibu dola bilioni 19.6. Lakini tayari mwaka 1995 Craig Newmark wa San Francisco alikuwa ameanzisha orodha ya barua pepe iliyokuja kuwa Craigslist, ambako matangazo mengi yaliwekwa bure. Kufikia 2012 mapato yale ya magazeti yalikuwa yameshuka chini ya dola bilioni 5. Oktoba 2016 Facebook ikafungua soko lake, na miji midogo ikahamia huko karibu yote.

Tangazo la bure ni neema kwa mama anayeuza baiskeli ya mwanawe. Ni neema kwa tapeli vilevile. Zamani ili kudanganya mji ilibidi alipe na aonekane sura, leo anaweka picha moja katika miji arobaini asubuhi hiyohiyo. Ndiyo maana kazi ya kukagua, aliyoifanya kidogo karani wa gazeti, imebaki mikononi mwako. Tazama ukurasa wa muuzaji: umefunguliwa lini, una marafiki wa hapo mjini, amewahi kuuza vitu vingine? Tazama picha: gari linalosemekana liko Maine lina namba za jimbo gani, na nyuma yake kuna misonobari au minazi? Bei iliyo chini mno kuliko za wenzake ni chambo. Kupima bei, tumia Kelley Blue Book, mwongozo wa bei za magari uliopo tangu 1926 na ambao mtandaoni ni bure. Unaandika mwaka, aina na maili, unapata bei ya kuuziana watu binafsi.

Tuje kwenye OBO. Maana yake ni kwamba bei iliyoandikwa inaweza kushuka, muuzaji anasikiliza ofa. Likiandikwa neno FIRM, bei imefungwa, usimsumbue. ISO ni mtu anayetafuta kitu, hauzi. PPU ni kwamba kitu kina mwenyewe, kinasubiri kuchukuliwa. "As is" ni onyo: unanunua na kasoro zake zote, usirudi kulalamika. Gari likisifiwa kuwa linamfaa fundi, maana yake halitembei au liko karibu kutotembea. Na anayeandika kwamba gari "linawaka na kwenda" bila kutaja ukaguzi, muulize ukaguzi.

Kwa hiyo kupatana si kukosa adabu, ila taratibu zake si zile za sokoni Kasulu. Kule unaanza na nusu ya bei, mnacheka, unaondoka hatua chache, unaitwa urudi. Hapa ukiondoka, hakuna atakayekuita. Ukitoa nusu ya bei, wengi hawatajibu tena, maana kwao ofa ya namna hiyo ni kama kuwaambia kitu chao ni takataka. Kwa gari la dola 3,800 lenye OBO, ofa ya 3,300 au 3,400 ni ya heshima, hasa ukiipa sababu. Jambo linalowaudhi kuliko yote ni kukubaliana bei kwenye ujumbe, kisha ukafika mlangoni na kuanza upya. Ukikuta kasoro ambayo hakuisema, hapo una haki kamili: mwonyeshe, taja gharama ya kuitengeneza, omba ipunguzwe kwenye bei. Na ukighairi, mwarifu mapema. Katika mji mdogo watu husimuliana juu ya wanunuzi wasiotokea, na muuzaji wa kochi leo anaweza kuwa jirani ya muuzaji wa friji wiki ijayo.

Kutoa kingereza kingi si lazima. Ujumbe mfupi ulio wazi unatosha: nakuja saa ngapi, nina pesa taslimu, naomba kuliona chini na kuliendesha. Watu wa Maine hawana salamu ndefu, usidhani wamekununia. Na mji wenyewe umezoea wageni: babu za wengi wao walitoka Quebec, Kanada, kuja kufanya kazi kwenye viwanda vya nguo kando ya mto Androscoggin, Wasomali wakaanza kufika mwaka 2001, kisha Wakongo na Waangola.

Gari lenyewe sasa, na hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo pesa za familia nyingi za kwetu zinapozama.

Piga simu badala ya kuandika tu, useme, "Napiga kuhusu lile gari." Akijibu, "Lipi?", huyo si mtu binafsi, ana mengi. Sheria ya shirikisho inamhesabu kuwa mfanyabiashara wa magari mtu anayeuza magari yaliyotumika zaidi ya matano ndani ya miezi 12, na mfanyabiashara lazima abandike dirishani karatasi inayosema gari lina dhamana au halina. Katika Maine mfanyabiashara haruhusiwi kukuuzia gari la matumizi ya nyumbani kwa sharti la "as is". Ndiyo maana wengine hujificha nyuma ya matangazo ya watu binafsi, maana mtu binafsi hafungwi na sheria hiyo. Utawagundua pia kwa taiti: jina lililo juu yake si lao.

Taiti ndiyo hati ya umiliki, ile ambayo Tanzania ungeiita kadi ya gari na Kenya logbuku. Bila taiti hununui, hata gari liwe zuri namna gani. Linganisha jina lililoko kwenye taiti na kitambulisho cha anayekuuzia. Linganisha namba ya chasisi iliyoandikwa humo na ile inayoonekana kupitia kioo cha mbele upande wa dereva, kisha na ya kibandiko kwenye fremu ya mlango. Ni herufi na tarakimu 17, na zote lazima zifanane. Tazama kama kuna jina la benki: likiwepo, gari lina deni, na huwezi kulipa mpaka benki itoe barua kwamba deni limekwisha. Akikuambia taiti iko nyumbani kwa mtu mwingine, au ilipotea na ataomba nyingine baadaye, mwambie utarudi ikishapatikana. Tafuta pia neno "salvage" au "rebuilt": bima iliwahi kulihesabu gari hilo kuwa limekufa, likafufuliwa.

Omba picha ya namba ya chasisi kabla hujaenda. Shirika la NICB, linalopambana na uhalifu wa bima, lina ukurasa wa bure unaokuonyesha kama gari limeripotiwa kuibwa au kuhesabiwa limekufa. Mamlaka ya usalama barabarani, NHTSA, ina ukurasa mwingine wa bure unaoonyesha kama kiwanda kimeliita gari hilo lirudi kutengenezwa. Kwa Corolla ya 2009 usiache kuangalia hili, maana iko katika magari yaliyoitwa kwa sababu ya mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, ambayo inaweza kulipuka na kurusha vipande vya chuma. Watu wamekufa kwa mifuko hiyo. Ukikuta haijabadilishwa, wakala wa Toyota anaibadilisha bila malipo, hata kama wewe ni mwenye gari wa nne au wa tano.

Maili 158,000 ni kama kilomita 254,000. Kwa Corolla iliyotunzwa si mwisho wa dunia. Lakini ujue kwamba sheria inayomlazimu muuzaji kuthibitisha maili kwa maandishi inahusu magari ya mwaka 2011 na kuendelea. Gari la 2009 limeshatoka nje ya sheria hiyo, kwa hiyo usiitegemee mita peke yake. Omba risiti za gereji, tazama kibandiko cha kubadilisha oili, tazama pedali ya breki na kiti cha dereva vimechakaa kiasi gani.

Na zaidi ya yote, ogopa kutu. Barabara za Maine humwagiwa chumvi majira yote ya baridi, na chumvi hiyo hula gari kutoka chini huku rangi ya juu iking'aa. Nimeona gari zenye injini nzuri kabisa zikitupwa kwa sababu chasisi imetoboka. Chukua tochi, lala chini, tazama mabomba ya breki, sehemu ya chini ya milango, na mahali magurudumu ya nyuma yanaposhikiliwa. Kutu ya juu juu ni kawaida ya hapo. Tundu au chuma kinachobomoka ukikibonyeza ni gari la kuacha. Maine ina ukaguzi wa lazima kila mwaka, na stika yake iko kwenye kioo cha mbele ikionyesha mwezi na mwaka wa mwisho. Mwombe muuzaji akubali gari lipite ukaguzi mpya kabla hujalipa, ada ulipe wewe, kwenye gereji unayoichagua wewe. Akikataa, una jibu lako. Ukiweza kuongeza, mlipe fundi asiye na uhusiano na muuzaji alinyanyue na kulikagua lote, mara nyingi ni kati ya dola 100 na 200. Najua kwako hizo ni siku nzima au mbili za kazi. Ila nakusihi usiziruke, kwa sababu ndizo zinazosimama kati yako na kupoteza 3,800.

Mkutane mchana, mahali penye watu. Vituo vingi vya polisi vina nafasi kwenye maegesho yao kwa ajili ya mauziano kama haya, chini ya kamera. Usiende peke yako. Pesa kubwa usizibebe kwa safari ya kwanza, kaangalie kwanza, kisha mkutane ndani ya benki yako, utoe pesa dirishani na upokee taiti hapohapo. Andikeni hati ya mauziano: tarehe, bei, namba ya chasisi, maili, majina, anwani na sahihi za wote wawili. Muuzaji atasaini taiti mbele yako kwa jina lako. Kuna wauzaji watakaokuambia kwa upole, "Tuandike dola 500 tu, ulipe kodi ndogo." Kataa. Karatasi hiyo unaisaini wewe kwa serikali, na wewe baada ya mwaka mmoja tangu ulipofika kama mkimbizi unatakiwa kuomba kadi ya kijani, ile ya ukaazi wa kudumu. Usiache uongo wako kwenye faili lolote.

Kodi yenyewe ni asilimia 5.5 ya bei, hata mkiuziana watu binafsi. Ukilipata kwa 3,400, ni dola 187. Kuna ushuru wa mwaka unaolipwa kwenye ofisi ya mji, unaohesabiwa kwa bei ya gari lilipokuwa jipya: gari lililofikisha mwaka wa sita na kuendelea hutozwa dola 4 kwa kila elfu, kwa hiyo lililouzwa jipya kwa dola 16,000 ni dola 64. Ongeza usajili na ada ya taiti, kila moja ni dola thelathini na kitu. Bima unainunua kabla ya hayo yote, maana bila kadi ya bima hawakusajilii. Muuzaji ataondoka na vibao vyake vya namba za gari, hivyo usidhani utalirudisha gari nyumbani jioni ileile kwa namba za mtu mwingine. Waulize ofisi ya mji kabla ya siku ya kununua namna ya kulifikisha kwako.

Wengine wakichoshwa na haya hukimbilia zile yadi za "nunua hapa, lipa hapa", ambako hawaulizi historia yako ya mikopo. Soma riba kabla ya kusaini. Mara nyingi gari la dola 5,000 hulipwa kama mawili, na ukichelewa kidogo wanakuja kulichukua.

Kitanda cha mtoto ni habari nyepesi zaidi, isipokuwa jambo moja nitakalolisema kwa uzito. Vile vitanda vya zamani ambavyo ubavu wake mmoja unateremka vilipigwa marufuku nchini Marekani kuanzia tarehe 28 Juni 2011, kwa sababu ubavu ulilegea na watoto wakabanwa shingo hadi kufa. Kukiuza ni kosa hata uani kwa mtu, lakini bado utavikuta, vizuri machoni na bei dola 20. Usichukue hata ukipewa bure. Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6: kopo la soda likipita, kitanda hakifai. Kiti cha mtoto cha garini nacho kina tarehe ya mwisho iliyochapwa kwenye plastiki, na kilichowahi kupata ajali hakitumiki tena. Kwa kuwa huwezi kujua historia yake, usikinunue kwa mtu usiyemfahamu. Godoro la mtumba kagua mishono yote kwa tochi. Kunguni wa hapa ni walewale.

Nguo, meza, vyombo, kitanda kisicho na kasoro hizo, vyote vinapatikana kwenye yadi seli, mauzo ya vitu vilivyotumika ambayo watu hufanya uani kwao. Msimu wake Maine ni tangu Mei hadi mwanzoni mwa Oktoba, Jumamosi asubuhi, na mabango ya kadibodi yamefungwa kwenye nguzo za njia panda. Beba noti za dola moja moja na tano tano. Wanaofika saa moja asubuhi hupata vitu bora, wanaofika saa saba mchana hupata bei bora, kwa sababu mwenye nyumba hataki kurudisha vitu ndani. Kukusanya vitu vitano na kuomba bei moja ya vyote ndiyo namna ya kupatana wanayoipenda. Makanisa nayo hufanya mauzo yao ukumbini, na siku ya mwisho wengi wao hukuambia ujaze mfuko kwa bei moja.

Tafuta pia kikundi cha Buy Nothing cha mtaa wako. Kilianzia kisiwani Bainbridge, jimbo la Washington, mwaka 2013, na sasa vikundi vyake viko miji mingi: hakuna kuuza, watu wanapeana tu. Andika kwamba unatarajia mtoto na huna kitu. Usione haya, ndiyo kazi ya kikundi hicho, na vitu vya mtoto mchanga ndivyo vinavyotolewa zaidi kwa sababu watoto hukua kabla havijachakaa. Kuna ubao wa matangazo pale mnapofulia nguo kwa mashine za sarafu na kwenye milango ya supamaketi, ambako wazee wasiotumia intaneti bado hubandika karatasi zenye namba ya simu. Wazee haohao watakutajia Uncle Henry's, kijarida ambacho kwa miongo kadhaa watu wa Maine walikitumia kutafuta kila kitu, tangu trekta hadi mbuzi. Miji mingi midogo ya nchi hii ina hata vipindi vya redio vya asubuhi ambako mtu anapiga simu, anasema anauza matairi manne au nyasi za ng'ombe, anataja namba yake, basi. Mzee aliyebandika karatasi yake ya mkono, anayekupokea barazani na taiti mkononi, namwamini kuliko ukurasa uliofunguliwa juzi.

Kama zile dola 300 umeshazituma kabla ya kusoma jibu hili, pigia benki sasa hivi, omba mkalimani wa Kiswahili, sema wazi kwamba umetapeliwa na unataka lalamiko liandikwe. Hifadhi ujumbe wote na usimfute huyo mtu. Kama hujazituma, mwandikie leo uombe kuliona gari na picha ya namba ya chasisi. Nitumie namba hiyo kabla hujalipa chochote, tuisome ripoti yake pamoja.